Kimo cha mtoto si suala la ukoo pekee

MGENI anayepita katika milima ya Kisii na Nyamira, iliyojaa migomba na majani chai, ni vigumu kuamini kwamba kuna watoto waliodumaa huko. Hata hivyo, rutuba ya udongo si kipimo cha lishe. Mashamba yamegawanywa yakawa vipande vidogo, na mlo waweza kushibisha tumbo bila kujenga mwili.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mwaka 2014.

Si kila mtoto mfupi ni mgonjwa. Huenda amerithi kimo cha wazazi. Ukweli hubainika anapopimwa mara kwa mara. Mtoto hurefuka takriban sentimita 25 katika mwaka wa kwanza. Kuanzia miaka minne hadi balehe, asiyefikisha sentimita 5 kwa mwaka anafaa kuchunguzwa na daktari.

Mizani pekee haitoshi, kwani hata mtoto mnene aweza kuwa amedumaa. Mzazi asiondoke kliniki kabla ya kimo kuandikwa kitabuni, maana udumavu usiogunduliwa mapema ni vigumu kurekebishwa.