Kivu Kaskazini: Siku za homa ya mtoto zihesabiwe, moyo wake uko hatarini

Mtoto akipata homa kambini, wazazi wanafikiria malaria. Akitoka vipele, wanasema ni surua. Mara nyingi wana haki, na magonjwa hayo ndiyo yapimwe kwanza. Lakini homa ikifika siku tano na dawa ya malaria haijasaidia, inafaa kufikiria ugonjwa mwingine unaoshambulia moyo: ugonjwa wa Kawasaki.

Jina hilo ni la daktari wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyeandika mwaka 1967 juu ya watoto 50 aliowaona. Unashika zaidi watoto wenye chini ya miaka mitano. Macho yanakuwa mekundu bila usaha, midomo inapasuka, ulimi unakuwa mwekundu sana, mikono na miguu inavimba, kisha ngozi ya vidole inabanduka.

Ubaya wake ni kwamba homa inaweza kushuka yenyewe. Familia inashukuru Mungu, kumbe mishipa inayolisha moyo damu inavimba kama mpira. Bila matibabu, karibu watoto 25 kati ya 100 wanapata uvimbe huo. Wakitiwa imunoglobulini kwa njia ya serumu kabla ya siku ya 10, wanakuwa karibu 4 tu.

Kuchelewa kuna bei. Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa uliovimba na kuuziba. Hapo huenda ikalazimu kupasua kifua: daktari anachukua mshipa mwingine wa mtoto huyo huyo, anaushona upite pembeni ya sehemu iliyoziba, ili damu ifike moyoni. Kituo cha afya cha kambini hakiwezi kazi hiyo.

Kwa wahami, siku zinapotea njiani. Mama anayekimbia vita kutoka Sake hadi Goma anabadilisha vituo, na kila muuguzi anaanza kuhesabu homa upya. Kwa hiyo tarehe homa ilipoanza iandikwe kwenye fishi ya mtoto, na mama akikimbia, fishi hiyo asiiache nyuma.

Serikali na mashirika ya misaada nao wana deni. Hospitali kubwa za jimbo zipate imunoglobulini na mashine ya ekografia ya moyo. Watasema dawa hiyo ni ghali. Ni kweli, lakini upasuaji wa moyo ni ghali zaidi, na muhami hana pa kuupata. Kuandika tarehe kwenye fishi hakugharimu hata faranga moja. Waanzie hapo, leo.