Israfu ya Hofu

Katika mali zote ambazo mwanadamu huzitumia kwa israfu, sioni inayotapanywa bila hesabu kuliko hofu. Fedha huandikwa daftarini, wakati hulaumiwa unapopotea, na maneno huombewa radhi yanapozidi. Lakini hofu, ambayo Mola ametujaalia ili tuihadhari hatari kabla haijatufika, twaimwaga usiku baada ya usiku mbele ya televisheni kwa ajili ya majini ya kutengenezwa, maiti waliopakwa unga na milango inayojifungua yenyewe, hata kesho yake, tukipishana njiani na hatari iliyo hai, hatuna akiba ya kuikabili. Rai yangu leo ni kwamba hofu nayo itumiwe kwa iktisadi; na rai hiyo nimeipata kwa mtoto wa mbwa.

Sisemi haya kwa kuzichukia filamu za kutisha. Nyumbani kwetu Tanga, usiku wa Ijumaa una ada yake: vyombo vikiisha kuondolewa, taa huzimwa, watoto wakubwa na mjomba wao hujipanga mkekani, na mmoja wao, ambaye aghalabu ni yule aliyeapa juma lililopita kwamba hatazami tena, huchagua filamu ya kututoa jasho. Mafundi wa kazi hiyo wana werevu unaostahiki heshima. Alfred Hitchcock, alipotengeneza Psycho mwaka 1960, alipiga picha zake kwa rangi nyeusi na nyeupe, na damu iliyowafadhaisha watu katika kile kisa cha bafuni ilikuwa rojo la chokoleti. Fidla za Bernard Herrmann ndizo zilizofanya kazi kubwa ya kutisha, ijapokuwa Hitchcock mwenyewe mwanzoni alitaka kisa hicho kipite bila muziki. Katika The Exorcist, iliyotoka mwaka 1973, matapishi ya yule binti aliyepagawa yalikuwa supu ya njegere, na mvuke uliotoka vinywani mwa mapadri ulipatikana kwa kukipoza chumba kwa mitambo mpaka waigizaji wakatetemeka kweli kweli. Na papa wa Jaws, aliyewatia watu wengi hofu ya kuogelea tangu mwaka 1975, alikuwa mtambo uliokuwa ukiharibika katika maji ya chumvi, hata Steven Spielberg akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu, na kufichwa kule kukamzidishia haiba. Chokoleti, njegere na mtambo mbovu: hayo ndiyo yaliyowafanya watu wazima, wenye wake na madeni, washindwe kwenda uani peke yao.

Katika nyumba yenye ada hiyo ndimo alimoingia kilebu. Mjomba wa watoto alimleta kutoka kwa rafiki yake wa Pongwe, ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, ana rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na la pili bado linashauriana, akaitwa Simba kabla hajaonyesha sifa yoyote ya kustahiki jina hilo. Siku iyo hiyo kibao cha “Mbwa Mkali” kikapigiliwa misumari langoni, ilhali mkali mwenyewe, aliyekuwa amefukuzwa na kuku wa jirani mwenye vifaranga, alikuwa akitafuta pa kujificha baina ya miguu yangu.

Kuishi na kilebu ni kuishi katika ukaguzi wa daima. Mtu hatii mguu katika kandambili kabla ya kuitazama kama ukanda wake ungali mzima; kanga haianikwi chini ya kimo cha kifua; na gazeti, ambalo zamani lilisomwa ndipo likatandikwa, siku hizi hutandikwa ndipo likasomwa, kwa hivyo makala zangu zimekuwa zikipata hukumu ya papo kwa papo, ya majimaji, isiyo na upendeleo. Usiku wa manane kilebu hulia. Mwenye nyumba huamka, hujifunga msuli, humtoa uani ajisaidie, akasimama gizani akimbembeleza kwa sauti ya chini kama mtu anayedai deni kwa mkwewe, na kiumbe huyo akiisha kutolewa hukumbuka kwamba haja yake hasa ilikuwa kucheza.

Jirani yetu ni bibi mcha Mungu, wa madhehebu ya Shafi, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilipokwenda kumtolea habari ya mgeni wetu, aliipokea shikamoo yangu kwa marahaba fupi, akanitazama kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, mbwa wa kulinda dini haikumkataza, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Kurani. Lakini huyo wako akinilamba kanga yangu, udongo utauchota wewe, na sabuni utanunua wewe.” Mkataba huo tumeuheshimu wote isipokuwa Simba, ambaye hakutia sahihi.

Hekima ya Simba ilinidhihirikia Ijumaa moja, tulipokuwa tukitazama filamu ya Kijapani, Ringu ya Hideo Nakata, ya mwaka 1998, ambamo mzuka wa mwanamke, nywele zimemfunika uso, hutoka kisimani akatambaa hata akajitokeza nje ya televisheni. Mjomba alikuwa amejifunika shuka mpaka puani. Binti yangu alikuwa akitazama kwa jicho moja kupitia baina ya vidole. Na Simba, aliyelala chali mbele ya kioo, shubiri chache tu kutoka kwa yule mzuka, alipiga mwayo, akajilamba pua, akageukia ubavu wa pili. Mara jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Simba aliruka, akaparamia miguu ya watu, akaingia chini ya kochi mpaka ukabaki nje mkia peke yake. Na mjomba, kwa kushtushwa na kule kushtuka kwa Simba, alipiga yowe lililomfanya bibi wa jirani aulize dirishani kama kuna msiba.

Watoto walimcheka mbwa. Mimi nilimtetea, na ningali nikimtetea. Sikio la mbwa husikia sauti za mitetemo ipatayo 45,000 kwa sekunde, ilhali letu hukoma kwenye 20,000. Na pua yake humpa habari nyingi kuliko macho. Mzuka wa Kijapani haukuwa na harufu ya maiti, wala ya maji ya kisima, wala ya mwanamke. Kwa mbwa kisichonuka hakipo, na asiyekuwapo hastahili kukimbiwa. Kifuniko kilikuwapo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaandika moyoni mambo ayaogopayo Simba, nami nakuta orodha ya mtu mwenye busara: kuku anayelea, ufagio wa chelewa ulio mkononi mwa mama watoto, bodaboda inayokata kona bila kupiga honi, na moto wa jiko. Hakuna hata kimoja humo kisichoweza kumuumiza.

Lau watu wa ndani ya filamu wangekuwa na nusu ya akili hiyo, filamu zenyewe zingekwisha kabla chai haijapoa. Hununua nyumba kubwa kwa bei ya kutupa, wasimwulize hata muuza kahawa wa mtaani kwa nini wapangaji watatu wa kwanza walihama usiku. Kwetu sisi, dalali hajamaliza kutaja bei kabla mtu hajamvuta mnunuzi kando na kumhadithia historia ya nyumba hiyo tangu msingi. Watu wa filamu wakisikia kishindo chini ya sakafu, huteremka mmoja mmoja na mshumaa. Mswahili hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huenda zake, na kesho yake hurudi na wazee, ubani na mashahidi. Tena mzuka unaotaka chumba kitupu cha kukaa peke yake hauwezi kuja Pwani: hata ungekipata, juma halipiti kabla hawajafika jamaa kutoka bara wenye magodoro. Walakini jambo linaloniudhi kuliko yote ni jinsi watu hao wa filamu wanavyomtenda mbwa. Yeye ndiye wa kwanza kujua, hubweka, huguna, hukataa kuingia mlangoni. Wenyewe humwambia anyamaze. Naye huwa wa kwanza kufa.

Hata hivyo tusidhani kwamba hofu ya kisichoonekana huishia kwenye vicheko. Mwaka 1995 habari za shetani aitwaye Popobawa zilizuka Pemba, zikavuka mpaka Unguja na kugusa bara, na kwa majuma kadhaa watu walihama vyumba vyao, wakakesha nje makundi kwa makundi, mioto imewashwa, kila mmoja akichelea kulala peke yake. Sijitii katika hukumu ya nini kiliwafika waliosema wamefikwa. Lakini katika taharuki ile mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati mjini Unguja. Maiti hiyo haikupakwa unga. Hofu iliyokosa shabaha huitafuta, na isipoiona hujichagulia yeyote aliye karibu.

Sasa nakuja kwenye filamu moja ninayoiona kuwa na haki ya kututisha, nayo ni Cujo ya mwaka 1983, iliyotokana na riwaya ya Stephen King. Ndani yake mbwa mkubwa, mpole, rafiki wa mtoto wa nyumbani, aingiza kichwa katika shimo akimfukuza sungura, ang'atwa na popo, kisha akageuka siku hata siku mpaka akawazingira mama na mwanawe ndani ya gari bovu katika jua kali. Wasimulizi wa filamu hiyo hutuambia jambo la kufurahisha: mbwa walioigiza sehemu hiyo waliipenda kazi yao kiasi cha kutikisa mikia katikati ya mashambulizi, ikabidi mikia ifungwe ili hadhira isiione furaha hiyo. Basi mkia ulikuwa wa uongo, na povu lilikuwa la uongo. Lakini ugonjwa ni wa kweli, unalo jina mtaani kwetu, nao ni kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, walio wengi katika Asia na Afrika. Katika kila watu 100 wanaoupata, takriban 99 huambukizwa na mbwa, na yapata 40 katika kila mia ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wasiotimia miaka 15. Jeraha laweza kupona na kusahauliwa, kisha baada ya miezi miwili au mitatu, pengine mapema zaidi, pengine baada ya mwaka, maradhi yakaamka. Na miongoni mwa dalili zake iko ile ya mgonjwa kuyaogopa maji, koo likamkaza kwa kuletewa kikombe tu. Dalili zikiisha kutokeza, tiba kwa kawaida haipo. Hapo ndipo pa kuitumia hofu. Lakini waulize wanaokimbia televisheni kama mbwa wao wamechanjwa, watakujibu kwamba mbwa wao ni mpole. Cujo naye alikuwa mpole.

Na hatari hii, tofauti na mizuka, hushindika. Kisiwa kile kile cha Pemba kimetoa ithibati: kwa kuwachanja mbwa kwa wingi, kichaa cha mbwa kilitoweka huko mwaka 2014; kikaingizwa tena mwaka 2016; mbwa wakachanjwa upya, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikawa kimetokomezwa mara ya pili. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Simba alipotimiza miezi mitatu alipata sindano yake kwa bwana mifugo. Hakulia, aliyefumba macho ni mjomba, aliyekuwa amemshika.

Basi, msomaji, sikukatazi sinema. Zima taa, jifunike shuka, piga yowe, mradi umwombe jirani radhi. Lakini ukiwa na mbwa, mpeleke akachanjwe, na uirudie chanjo kila mwaka kama bwana mifugo atakavyokuelekeza. Na akikung'ata mbwa yeyote, awe wako au wa mwenzio, mkubwa au kilebu, osha jeraha hima kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, usipake pilipili wala mafuta ya taa wala majani, kisha uende hospitali siku iyo hiyo ukaanze chanjo, na usiache kurudi mpaka uimalize.