Nani Kawaambia Timu Inakufa na Nyota Wake?

Kila Aprili, mashindano ya taifa ya vyuo vikuu vya Marekani yakishakwisha na majina ya wahitimu yakianza kusomwa kwenye uteuzi wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, wachambuzi wa mpira wa kikapu wa wanawake hugeuka waandishi wa tanzia. Chuo fulani kimepoteza nyota wake, basi kimekwisha. Kipeni miaka mitatu. Huu ni mwaka wa kujenga upya. Mashabiki wanameza kama walivyolishwa, na kocha anashukuru kimoyomoyo, maana amepewa udhuru kabla hajauomba. Msimu ukifika, timu ikifungwa, hakuna wa kuhoji.

Hiyo ni porojo, tena porojo yenye madhara.

Tuanze na South Carolina, kwa sababu ndiko ilikoumbuka hadharani. Msimu wa 2022-23 timu ya kocha Dawn Staley ilishinda mechi 36 na kufungwa moja tu, nusu fainali ya taifa, 77-73, mbele ya Iowa ya Caitlin Clark. Baada ya hapo kikosi cha kwanza chote, wachezaji watano, kikaondoka. WNBA ilichukua watano kutoka timu hiyo mwaka ule: Aliyah Boston, aliyeteuliwa wa kwanza kabisa, kisha Laeticia Amihere, Zia Cooke, Brea Beal na Victaria Saxton. Kura ya shirika la habari la AP ya kabla ya msimu ikawapa waliobaki nafasi ya 6. Kwa vyuo vingi nafasi ya 6 ni sherehe. Kwa South Carolina zilikuwa salamu za rambirambi.

Mechi ya kwanza ilichezwa Paris, tarehe 6 Novemba 2023, dhidi ya Notre Dame. Marehemu alishinda 100-71. Akaendelea kushinda hadi Aprili: mechi 38, hakufungwa hata moja, na kombe la taifa juu yake. Yaani timu iliyoaga kikosi kizima cha kwanza ilimaliza vizuri kuliko ile iliyokuwa na Boston.

Wachambuzi waliposhtuka wakakimbilia neno "muujiza". Hapana. Tazameni walikotoka hao waliocheza. Raven Johnson, Kamilla Cardoso, Bree Hall na Ashlyn Watkins walikuwa ukumbini tayari, wamekaa benchi nyuma ya nyota. Chloe Kitts aliingia katikati ya msimu ule ule wa Boston. Cardoso, Mbrazili mrefu aliyehamia kutoka Syracuse mwaka 2021, alikuwa ndiye mchezaji bora wa akiba wa ligi ya SEC mwaka 2023. Misimu miwili alikuwa akisukumana na Boston chini ya kikapu mazoezini. Mtu wa namna hiyo unamjenga upya vipi? Amekwishajengwa. Kilichobaki ni kumfungulia mlango.

Raven Johnson ndiye anayenifurahisha zaidi. Katika ile nusu fainali ya 2023 Iowa walimwacha peke yake nje ya mstari wa pointi tatu, na Clark akampungia mkono wa dharau, kwamba huyu hata akirusha hatudhuriki. Video ikazunguka dunia nzima. Ikamuumiza binti, kisha akarudi kazini. Mwaka mmoja baadaye, 7 Aprili 2024, fainali jijini Cleveland, Iowa ile ile. Clark alianza kwa moto: pointi 18 robo ya kwanza peke yake, rekodi ya robo moja katika fainali. Kuelekea mapumziko Johnson akamvamia katikati ya uwanja, akampokonya mpira, akakimbia nao peke yake hadi kikapuni. South Carolina wakaingia vyumbani wakiongoza 49-46, na mwisho wakashinda 87-75.

Lakini namba ya kukaa nayo kutoka Cleveland ni nyingine. Wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga pointi 37. Wa Iowa walifunga sifuri. Mfungaji bora wa South Carolina siku hiyo alikuwa Tessa Johnson, msichana wa mwaka wa kwanza aliyetokea benchi, akaweka 19. Clark alifunga 30 na akashindwa. Anayetafuta ushahidi wa uzito wa nyota mmoja mbele ya kikosi chenye watu tisa wanaoaminiwa, asipate shida ya kwenda mbali.

Na msidhani basi Cardoso alikuwa ndiye Boston mpya, kwamba nyota alibadilishwa na nyota mambo yakaisha. Februari ya msimu ule alikwenda kuichezea Brazil katika mechi za kufuzu Olimpiki. Akiwa huko, wenzake wakaifunga UConn 83-65. Machi akatolewa uwanjani kwa utovu wa nidhamu katika fainali ya SEC dhidi ya LSU, akafungiwa mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa. Wenzake wakashinda 91-39. Alikuwa mchezaji mkubwa sana. Siku moja kabla ya ile ya LSU, nusu fainali dhidi ya Tennessee, ndiye aliyeokoa rekodi kwa mtupo wa pointi tatu wa sekunde ya mwisho, wa kwanza kuingia katika maisha yake yote ya chuo, 74-73. Hata hivyo timu ilisimama bila yeye.

Wakati wa kujenga timu ya kesho ni pale nyota angali uwanjani. Hilo ndilo wachambuzi wanalolikwepa, kwa sababu linageuza swali lote. Halitaki kujua nani kaondoka. Linataka kujua kocha alifanya nini na dakika zake nyota alipokuwapo. Timu ikiongoza kwa pointi 30, nani yuko uwanjani? Nyota anayesaka rekodi, au msichana wa mwaka wa pili ambaye mwakani atabebeshwa timu? Wengi wanamwacha nyota acheze hadi filimbi ya mwisho, takwimu zipendeze, picha ziuzwe. Halafu Aprili wanalia kwamba wameachwa mikono mitupu.

Tena katika mpira wa wanawake kilio hicho hakina hata haya. Upande wa wanaume, kijana anaweza kucheza mwaka mmoja tu na kukimbilia NBA, kocha akabaki ameduwaa. Upande wa wanawake, WNBA inamtaka mchezaji wa Kimarekani awe anatimiza miaka 22 mwaka wa uteuzi, au awe amehitimu, au iwe imepita miaka minne tangu amalize sekondari. Boston aliingia chuo mwaka 2019. Siku anashusha mabegi yake bwenini, kalenda ilikuwa inasoma 2023. Msiba gani huo unaotangazwa miaka minne kabla?

UConn walilionyesha hili kabla ya South Carolina. Mwaka 2016 Breanna Stewart, Moriah Jefferson na Morgan Tuck waliondoka kwa pamoja, wakateuliwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Walikuwa wamechukua makombe manne ya taifa mfululizo. Kocha wao Geno Auriemma akaandikiwa tanzia. Akaingia msimu uliofuata na Napheesa Collier na Katie Lou Samuelson, waliokuwa wa mwaka wa kwanza pembeni ya Stewart, akashinda mechi 36 zote hadi nusu fainali ya taifa, alipofungwa 66-64 na Mississippi State katika muda wa nyongeza. Mfululizo wa ushindi ulioanza enzi za Stewart ulikatika kwenye mechi 111, na 36 kati ya hizo zilichezwa baada yake. Mtu akikwambia timu ile ilikuwa "inajengwa upya", mwombe akuonyeshe matofali.

Najua mnachotaka kuniambia. Hao ni matajiri. South Carolina na UConn wanachagua wasichana bora wa sekondari Marekani nzima, nyota mmoja akitoka wawili wanagonga hodi. Kuna ukweli hapo na siukatai. Lakini Staley hakuukuta utajiri huo. Msimu wake wa kwanza pale, 2008-09, alishinda mechi 10 akafungwa 18. Na kama hoja ni fedha, twende basi kwa wasio na foleni ya nyota mlangoni.

Twende Iowa kwenyewe. Mwaka 2024 walimpoteza Clark, Kate Martin, Gabbie Marshall na Molly Davis. Mwezi mmoja baadaye kocha Lisa Bluder akastaafu. Kama imani ya wachambuzi ni ya kweli, hapo pangeota nyasi. Timu ikakabidhiwa Jan Jensen, msaidizi wa Bluder kwa miaka zaidi ya ishirini, ikampata Lucy Olsen kutoka Villanova, ikawategemea akina Sydney Affolter na Hannah Stuelke waliokuwa wamelelewa chini ya Clark. Tarehe 2 Februari 2025 Clark alirudi kushuhudia jezi yake namba 22 ikistaafishwa, na mbele yake Iowa wakaifunga USC, iliyokuwa ya 4 nchini, 76-69, Olsen akifunga 28. Walimaliza na ushindi 23. Ndiyo, Oklahoma waliwachakaza 96-62 raundi ya pili ya mashindano ya taifa, na mwaka uliotangulia walikuwa fainali. Walishuka. Kushuka ngazi kadhaa baada ya kumpoteza mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya Daraja la Kwanza la NCAA ni jambo moja, na kufa ni jambo lingine, lakini vyombo vya habari vina neno moja tu kwa yote mawili.

Sasa wapo waliokufa kweli, na lazima tuwatazame. Washington mwaka 2017 ilimpoteza Kelsey Plum, aliyeondoka na pointi 3,527, rekodi ya NCAA wakati ule. Msimu wake wa mwisho walishinda 29. Uliofuata wakashinda 7, wakafungwa 23. Wachambuzi wanaupenda mfano huu. Wanasahau kutaja kwamba kocha Mike Neighbors aliondoka kwenda Arkansas mwaka huo huo, na Chantel Osahor, mhimili wa chini ya kikapu, naye akahitimu. Iowa ilipoteza nyota na kocha, lakini jiko likabaki na mpishi aliyekuwamo miaka yote. Washington walipoteza vyote, wakaanza na watu wapya juu ya benchi ambalo halikuwa limezoeshwa kubeba kitu. Plum alikuwa amefunga pointi 57 katika mechi moja Februari ile. Dakika hizo alizocheza yeye kuna mtu hakuzicheza.

Ningewapa walau hoja moja ya haki, ile ya uhamisho. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama mara anavyotaka mradi masomo yake yako sawa. Hapo kocha anaweza kweli kushtukizwa. MiLaysia Fulwiley, mtoto wa Columbia kwenyewe, mji wa chuo cha South Carolina, aliyewashangaza watu Paris, alihamia LSU mwaka 2025 bila kungoja kalenda yoyote. Lakini mlango huo unaingiza kama unavyotoa. Te-Hina Paopao aliingilia huo huo kutoka Oregon, akawa mmoja wa waliobeba zile mechi 38. Na wasomaji wetu wa Kenya wanamjua aliyeingia mwaka 2025: Madina Okot, senta wao aliyetoka Chuo Kikuu cha Zetech mwaka 2024 akaenda Mississippi State, na baada ya msimu mmoja akahamia kwa Staley. Mitandaoni Wakenya walishangilia jezi mpya ya binti yao. Mississippi State wao wakabaki na pengo chini ya kikapu na miezi michache ya kuliziba, kama walivyo makocha wote wa siku hizi. Mfumo huu umefupisha muda wa kujijenga. Kwa hiyo anayeomba miaka mitatu leo anaomba kitu ambacho hata mchezo wenyewe hauna tena.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Miaka mitatu hiyo ni ya nani? Timu ya kulipwa inaweza kusubiri, kwa kuwa mchezaji wake anaweza kuwa pale hata miaka kumi. Mwanafunzi ana misimu minne. Ukimwambia wa mwaka wa tatu kwamba huu ni mwaka wa kujenga upya, umemchukulia robo ya maisha yake ya chuo ukaiweka akiba kwa ajili ya mtu ambaye bado yuko sekondari. Hajaulizwa. Na yeye anaamka alfajiri kwenda mazoezini sawa na alivyoamka Boston.

Kocha akija kwenye mkutano wa waandishi kuomba subira, mwandishi mmoja na afungue karatasi ya takwimu za mwaka uliopita, aende moja kwa moja kwenye safu ya dakika, ashuke hadi jina la nane, la tisa na la kumi, kisha asome kwa sauti. Washington walikuwa na wasichana wa mwaka wa nne msimu ule wa 2017-18. Walipata ushindi 7, wakavaa majoho, wakaenda zao, na kocha mpya akaendelea kujenga.