Floyd vs Pacquiao: Moyo Unamtaka Pacman, Pointi Zinaenda kwa Floyd

Wadau, wiki hii ukikatiza kijiwe chochote cha mjini, iwe kwa muuza kahawa, saluni ya kiume au ndani ya daladala, stori ni moja tu: Floyd Mayweather na Manny Pacquiao. Pambano ni Jumamosi Mei 2, 2015 pale MGM Grand, Las Vegas, na kwa saa zetu litaangukia Jumapili asubuhi ya Mei 3. Kuna watu watatoka kula bata na kuunganisha moja kwa moja.

Kwa upepo unavyovuma vijiweni, Pacquiao keshashinda na Floyd keshalala chali raundi ya sita. Shida ni kwamba huu ni mwaka wa uchaguzi, watu wamezoea kupiga kura. Ngumi hazipigiwi kura.

Kwa nini tunampenda Pacquiao inaeleweka. Jamaa katoka kwenye umaskini wa kutupwa kule Ufilipino, kauza mikate barabarani akiwa mtoto, leo ni bingwa aliyebeba mikanda kwenye uzito nane tofauti na juu yake ni mbunge. Upande wa pili kuna Floyd, mtu wa kupiga picha na maburungutu ya dola, ambaye mwaka 2012 alikaa jela kwa kumpiga mama wa watoto wake. Sababu za kutompenda zipo, na hiyo ya mwisho siyo ya kuchekea, wala sina mpango wa kumsafisha hapa. Ila wale majaji watatu watakaokaa pembeni ya ulingo hawataulizwa nani kati yao ni mtu mwema. Wataulizwa nani kapiga ngumi safi zaidi kila raundi.

Sasa twende kwenye kazi.

Team Pacman wana hoja moja wanaipenda sana: Oscar De La Hoya. Floyd alimshinda mwaka 2007 kwa tabu, majaji wakagawanyika. Pacquiao alipokutana naye 2008 alimtwanga mpaka jamaa akagoma kuinuka kwenye kiti baada ya raundi ya nane. Ricky Hatton naye, Floyd alimmaliza raundi ya 10, Pacquiao akamzima raundi ya pili tu. Ukiishia hapo, kweli Pacman ni noma.

Lakini usiishie hapo. Yupo mtu anaitwa Juan Manuel Marquez. Huyu Mmexico kazipiga na Pacquiao mara nne: sare 2004, Pacquiao akashinda kwa mbinde 2008 na 2011, halafu Desemba 2012 Marquez akamlaza kifudifudi raundi ya sita. Huyohuyo Marquez alipokutana na Floyd mwaka 2009, aliangushwa raundi ya pili na kupoteza karibu raundi zote. Marquez silaha yake ni kusubiri mtu aingie kichwakichwa, halafu anamjibu na mkono wa kulia. Kuna bondia gani duniani leo anasubiri na kujibu vizuri kuliko Floyd?

Hapo ndipo pambano lote lilipo. Pacquiao ili akupige lazima aingie. Floyd ana urefu wa mikono kama sentimita 183, Pacquiao kama 170. Hizo sentimita 13 ni lazima Pacman azilipie kila anapotaka kurusha mkono wake wa kushoto, na anayekusanya malipo ni mtu ambaye mapambano 47 hajapoteza hata moja.

Mtasema Pacquiao atamaliza kwa KO, majaji hawatahusika. Okay, lini mara ya mwisho Pacquiao kummaliza mtu kabla ya muda? Ni Novemba 2009, alipompiga Miguel Cotto mpaka refa akaingilia raundi ya 12. Tangu hapo kapanda ulingoni mara tisa, hajamaliza mtu hata mmoja. Chris Algieri mwaka jana kaangushwa mara sita na bado akamaliza raundi zote 12. Kama Algieri alisimama mpaka kengele ya mwisho, Floyd ambaye hata kumgusa ni kazi utamlazaje?

Simaanishi Floyd hana pa kupigwa. Anayepigania mkono wa kushoto huwa anamsumbua mwanzoni. Zab Judah mwaka 2006 alimpa shida raundi za mwanzo kabla hajasomwa. Marcos Maidana Mei mwaka jana alimbana kwenye kamba na kumrushia ngumi za fujo mpaka jaji mmoja akatoa sare. Kwa hiyo Pacman ana njia: achukue raundi nne za kwanza kwa kasi, apige ngumi nyingi, atoke kwa pembeni, asisimame mbele ya ule mkono wa kulia. Pacquiao wa 2009 angeweza kufanya hivyo raundi zote 12. Huyu wa sasa ana miaka 36, na mpigaji anayetegemea kasi na miguu ndiye anayeumizwa zaidi na umri. Floyd ana 38, lakini yeye anaishi kwa macho na akili, vitu ambavyo vinachelewa kuisha.

Na ndiyo maana wengi tunaona pambano hili limechelewa. Mazungumzo yalianza 2009, yakavunjika kwa ubishi wa vipimo vya damu, ikawa kupigana maneno miaka mitano. Kuchelewa kote huko nani kafaidika? Jibu unalo.

Utabiri wangu: Pacquiao atawasha moto raundi tatu au nne za mwanzo, vijiwe vitapiga kelele, wengine wataanza kutuma meseji za kejeli. Kuanzia raundi ya tano Floyd atakuwa keshamsoma, atampimia na kumjibu, atamkumbatia akikaribia, na ukumbi utaanza kuzomea. Raundi nane kwa nne, Floyd kwa pointi. Halitakuwa pambano tamu kama mnavyoliota.

Naandika haya kwa sababu ya hela. Kuna watu nawajua wanapanga kuweka kodi ya miezi sita kwa Pacquiao, kisa makampuni ya kubeti yanalipa zaidi kwake. Yanalipa zaidi kwa sababu nao wamepiga hesabu, na hawana mapenzi na mtu. Mpende Pacman, vaa fulana yake, amka alfajiri umshangilie mpaka sauti ikauke. Hayo yote ni bure. Ila mwenye nyumba Jumatatu hatakuuliza ulikuwa unamshangilia nani.

Haya, Team Pacman najua mmeshakunja ngumi. Shusha utabiri wako hapo chini, taja na raundi kabisa, tukutane Jumapili.