Chanjo ya Mbuzi wa Maziwa Isifanywe kwa Kubahatisha

Mifugo ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa binadamu, na mwenye amana ataulizwa; kwa hiyo inauma kuona wafugaji wenye akili timamu, wanaojua siku mbuzi wao atakayozaa na kiasi cha maziwa atakachotoa, wakiichukulia chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo kama jambo la kufanywa vyovyote vile ilimradi limefanywa.

Sotoka hiyo husababishwa na kirusi cha jamii moja na kirusi cha surua ya watu, ilielezwa kwa mara ya kwanza Côte d'Ivoire mwaka 1942, na muongo wa kwanza wa karne hii haukwisha kabla haijathibitika Kenya, Uganda na Tanzania. Mbuzi aliyeshikwa hupandwa na homa, hutokwa na makamasi na matongotongo, huota vidonda mdomoni, huharisha na kukohoa, na wengi hufa ndani ya siku chache. Binadamu haambukizwi, bali huachwa bila maziwa na bila ada ya shule. Dhidi ya msiba huo ipo chanjo ambayo dozi moja tu, ikitolewa sawasawa, humkinga mbuzi kwa miaka 3 au zaidi.

Neno lenyewe ni hilo: sawasawa. Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa na kukaushwa, nacho kikifa kabla ya kuingia mwilini, mnyama huwa amechomwa maji matupu na mwenyewe amenunua matumaini ya uongo. Inapaswa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi kutoka ghalani hadi bomani, na ikishachanganywa na maji yake maalumu itumike upesi, ikiwa juu ya barafu na mbali na jua, kisha inayobaki imwagwe. Lakini wako wachanjaji wanaochanganya chupa zote alfajiri na kuzunguka nazo mfukoni mpaka adhuhuri, wakisahau kuwa haraka haraka haina baraka. Wengine husafisha bomba la sindano kwa dawa ya kuua vijidudu, na mabaki yake huiua chanjo humo humo. Sindano na bomba huchemshwa kwa maji, vikaachwa vipoe. Sindano moja kwa kundi zima nayo ni njia ya kuhamisha maradhi mengine kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima.

Mfugaji naye asijitoe lawamani. Humwita mtaalamu wakati zizi tayari linakohoa, na mbuzi aliyekwisha kubeba ugonjwa akifa baada ya kuchomwa, hutangazia kijiji kizima kwamba chanjo ndiyo iliyoua, ilhali kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mbuzi wachanjwe wakiwa wazima, vitoto vingojewe vifikishe miezi 3 au 4 kwa sababu kinga waliyopewa na mama huzuia chanjo kufanya kazi, na mbuzi aliyenunuliwa mnadani atengwe kwanza.

Wala haiwezekani kunyamazia ubaya mwingine unaofuatana na huu, wa watu kujinunulia viuavijasumu dukani, kumdunga mbuzi anayeharisha bila ushauri, na kesho yake kumkamulia mtoto mchanga maziwa yenye mabaki ya dawa. Dawa hizo haziui kirusi. Husaidia tu pale bakteria wanapompata mgonjwa, na lebo zake hueleza siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa. Mzazi anayesoma lebo hiyo kisha akaipuuza anamdhulumu mwanawe.

Hata hivyo wafugaji wa mbuzi wa maziwa, wa Meru na Nyeri kama wa Mgeta katika milima ya Uluguru, ni watu hodari waliolijaza birika la chai mahali ambapo ng'ombe hakupata nafasi, na watu wa namna hiyo hawashindwi na jambo hili. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 kwa nguvu ya chanjo, na mataifa yamejiwekea lengo la kuimaliza ya mbuzi ifikapo 2030. Kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi, na mwenye mbuzi watatu hawezi kuimaliza peke yake, majirani waungane, wapange siku moja na daktari wa mifugo wa kata, na kila mmoja awe amefunga mbuzi wake kivulini kabla chupa haijafunguliwa.