Leba si asilimia ya vifaa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo sina habari za simu mpya wala za Linux. Leo ni stima. Nataka kuwaambia jinsi mtu wa programu anavyoweza kumfilisi fundi wa stima bila hata kushika bisibisi, kwa sababu mimi nimefanya hivyo, na aliyeumia ni shemeji yangu.

Shemeji ni fundi mwenye leseni, wa kuaminika. Shida yake ilikuwa kotesheni. Zamani alikuwa akizipiga kichwani akiwa kwenye matatu, halafu anaziandika nyuma ya risiti ya hadiwea. Mwaka wa 2019 nikamwandikia programu ndogo. Unahesabu pointi za taa na za soketi kwenye ramani ya nyumba, unapima umbali, unabonyeza, na inatoa orodha ya vifaa na bei. Mwisho kabisa inaongeza leba, asilimia 35 ya vifaa. Hiyo 35 sikuitoa mbinguni. Ndiyo aliyoizoea yeye, na ukiwauliza mafundi wengi watakutajia 30, 35 au 40, kana kwamba ni amri.

Kwenye msimbo ni mstari mmoja tu. Vifaa mara 0.35. Nilijiona hodari kwelikweli.

Haya, sasa sikieni yaliyotokea Ruiru. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, ghorofa moja juu. Programu ikasema vifaa 180,000, leba 63,000. Mwenye nyumba akakubali, ila akasema vifaa atanunua mwenyewe. Hilo ni jambo la kawaida sana hapa kwetu, maana watu wanaogopa fundi atawaongezea bei. Akatafuta hadiwea yenye bei nafuu, akachukua soketi na swichi za bei ya chini, jumla 142,000. Siku ya malipo akatoa kikokotoo: "Fundi, kotesheni yako inasema leba ni asilimia 35 ya vifaa. Hii hapa, 49,700."

Angemjibu nini? Karatasi ilisema hivyo, na karatasi ilitoka kwenye programu yangu.

Na hiyo kazi, ambayo shemeji alidhani ni ya siku 9, ilichukua siku 16. Alikuwa na vibarua wawili kwa 1,000 kila mmoja kwa siku, yaani 32,000. Zikabaki 17,700. Toa nauli yake 200 kila siku, zinabaki 14,500. Toa diski saba za grainda za 350 kila moja, zinabaki 12,050. Gawanya kwa siku 16: shilingi 753 kwa siku. Fundi mwenye leseni, anayetia sahihi kwamba nyumba haitawaka moto, alilipwa chini ya kijana aliyekuwa akimshikia ngazi. Muhula ulikuwa unaanza na karo ya watoto ilikuwa inangoja pesa hiyo. Dada yangu hakuniambia kitu, lakini jinsi alivyonipakulia chai siku hiyo nilielewa.

Kwa nini siku 16? Kwa sababu waliitwa baada ya kuta kupigwa plasta. Kama fundi wa stima anaitwa mapema, mapaipu yanalazwa kwenye slabu kabla ya zege kumwagwa, na mifereji ya ukutani inachimbwa kwenye jiwe tupu. Jiwe la Ndarugo ni laini kiasi, grainda na patasi zinalimaliza. Lakini plasta ikishakauka, na mwenye nyumba akiwa amesimama nyuma yako akisema "usinivunjie ukuta", kila mita ni vita. Palipo na nguzo au linta ya zege ndio usiseme. Programu yangu ilikuwa haijui tofauti kati ya ukuta na ukuta. Kwake, pointi ni pointi.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia hadi mchoke: leba haina uhusiano na bei ya vifaa. Hakuna hata kidogo. Soketi ya 150 na soketi ya 900 zinafungwa kwa dakika zilezile. Ile ya 150 pengine inachukua muda zaidi kwa sababu skrubu zake zinateleza. Mei 2024 bei ya shaba kwenye soko la metali la London ilipita dola 10,000 kwa tani. Je, mikono ya shemeji ilikuwa imepanda thamani wiki hiyo? Na miezi michache kabla, dola ilipotoka karibu shilingi 160 ikashuka hadi karibu 130, je, kazi ya kuchimba ukuta ilikuwa rahisi zaidi? Asilimia ni njia ya mkato kwa mtu asiye na rekodi ya muda wake. Kwa kukadiria kazi ukiwa kwenye matatu, sawa. Kuiandika ndani ya programu ni kumfanya mtu aiamini.

Baada ya aibu hiyo nilifungua msimbo wote na kuupitia mstari kwa mstari. Nilichokipata kilinitoa jasho.

Chukua soketi iliyo mita 4 kutoka kwenye sanduku la saketibreka. Programu ilisoma 4 kwenye ramani, ikazidisha kwa nyaya tatu (moto, nyutro na ardhi), ikapata 12, ikaongeza asilimia 15 za kupotea, jumla mita 13.8. Safi? Hapana. Ramani ni bapa, nyumba si bapa! Sanduku liko mita 1.5 kutoka sakafuni, dari iko 2.7, soketi iko 0.4. Waya unapanda mita 1.2, unavuka 4, unashuka 2.3. Hiyo ni 7.5, mara tatu ni 22.5, kabla hujaacha hata inchi moja ya kufungia. Tena kama soketi zimeunganishwa kwa mzunguko, waya unatoka kwenye sanduku, unapita soketi zote, halafu lazima urudi pale ulipoanzia. Mimi nilikuwa nimeusahau huo mguu wa kurudi.

Utauliza, mbona kazi za awali vifaa vilitosha? Hapo ndipo penye uhondo. Waya unauzwa kwa roli, kwa hiyo nilikuwa nazungusha hesabu kwenda juu. Ila nilikuwa nazungusha kwa kila chumba badala ya kujumlisha nyumba nzima kwanza, kila rangi peke yake. Kosa moja lilipunguza waya, jingine likaongeza, na jumla ikatoka karibu na ukweli. Makosa mawili yalikuwa yameshikana mikono kama walevi wawili wanaorudi nyumbani, kila mmoja akimzuia mwenzake asianguke. Ningerekebisha moja tu, shemeji angeishiwa waya katikati ya kazi. Wenzangu mnaoandika programu, jibu likiwa sahihi msilale. Kaguzeni pia njia lililopitia.

(VAT nayo nilikuwa nimeibandika 0.16 ndani ya msimbo. Aprili 2020 ikashuka hadi 14, Januari 2021 ikarudi 16, na mimi nikabadilisha kwa mkono mara zote mbili nikijiambia kwamba haitatokea tena. Sasa iko kwenye jedwali lenye tarehe, pamoja na bei za vifaa, na kila kotesheni inaisha nguvu baada ya siku 14.)

Leba nimeiandika upya kabisa. Hakuna asilimia popote. Kuna mita za mfereji kwa aina ya ukuta, kwa mfano jiwe tupu, jiwe lenye plasta, na zege. Kuna kulaza paipu, kuvuta waya, kufunga swichi na soketi, kupanga sanduku, kuchomeka fimbo ya shaba ardhini, na kupima kila saketi kabla ya cheti. Kila kazi ina dakika zake, na dakika hizo hazikutoka kwangu. Shemeji alinakili muda wake kwenye rununu kwa miezi minne, akinilalamikia kila jioni. Kotesheni inatoka karatasi mbili, vifaa kando na leba kando, ili mwenye nyumba akinunua waya wake mwenyewe, leba isitikisike.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao si ya kutupa. Wanasema wateja wamezoea kuulizia bei kwa pointi, na hakuna mtu Ruiru atakayesoma orodha ya dakika. Kweli. Mpe bei kwa pointi basi, lakini ipate kutoka kwenye saa, usiitoe hewani. Pointi kwenye jengo jipya na pointi kwenye nyumba iliyopigwa plasta haziwezi kuwa bei moja.

Hoja nyingine inauma zaidi: fundi anayehesabu sawasawa anashindwa na yule anayebahatisha. Shemeji amepoteza kazi mbili tangu tubadilishe programu, zote zikaenda kwa watu waliotaja bei ya chini. Moja ya hizo, fundi aliacha kazi nusu na simu yake ikazimwa. Nyingine ilikamilika vizuri tu, siwezi kudanganya. Labda yule jamaa ana mikono myepesi kuliko shemeji, labda naye amelala njaa. Sina jibu la hilo, na programu pia haina.

Juzi ameletewa kazi ya ploti Juja, vyumba 12 vya kupangisha, kuta tayari zina plasta. Leba yetu imetoka juu, na mwenye ploti amepiga simu kuuliza mbona kuna fundi mwingine anayeitaka kwa karibu nusu. Nilikuwa pale, nikamwona shemeji akitazama rununu, kisha akinitazama mimi. Mwaka jana angeshusha bei papo hapo. Safari hii akamwambia, "Mzee, njoo Jumamosi tupime ukuta pamoja, nikuonyeshe ninacholipisha." Mzee amekubali. Utepe wa kupimia ni wangu, kwa hiyo nami nakwenda.