Anayeuliza Hesabu ya Vita Si Adui



Tarehe 6 Mei 2021, majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Ituri yaliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao sote tunauita « état de siège ». Magavana wa kiraia waliondoka, na mahali pao wakawekwa maafisa wa jeshi na wa polisi. Lengo lilikuwa jema: kuwarudishia wakaaji wa mashariki amani. Wengi walishangilia, nami nilikuwa mmoja wao.

Katiba yetu, katika kifungu cha 144, inatoa siku 30 kwa hali hiyo. Kisha Bunge na Seneti wanaweza kuirefusha kwa siku 15, tena na tena. Siku zile 30 ziligeuka kuwa miaka. Wakati huo wote, Bunagana ilitekwa na M23 mwezi wa Juni 2022, na Goma yenyewe ikaanguka mwezi wa Januari 2025. Utawala uliowekwa ili kuilinda Kivu haukuweza kuulinda mji wake mkuu. Je, si haki kuuliza kwa nini?

Sehemu ya jibu ilitolewa mapema na Raisi wa Jamhuri mwenyewe. Mwezi wa Juni 2021, alipozuru mashariki, alisema waziwazi kwamba ndani ya jeshi kuna mafia. Mwaka uleule, maafisa kadhaa walikamatwa huko Ituri wakishutumiwa kufuja fedha za operesheni. Tulielewe neno hilo vizuri. Fedha inayopotea ofisini ni chakula cha askari aliye porini, ni dawa ya aliyejeruhiwa. Na kwa yule anayekula fedha hizo, vita vikiisha ni hasara. Yohane Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini, aliwajibu juu ya fedha: wasimnyang'anye mtu, waridhike na mshahara wao. Lakini mshahara huo sharti kwanza uwafikie.

Sasa tazameni upande wa pili. Agizo la tarehe 3 Mei 2021 liliwapa wakuu wa kijeshi uwezo wa kupekua nyumba za watu mchana na usiku, na wa kukataza mikutano na maandishi waliyoyaona kuwa yanachochea fujo. Mwezi wa Novemba 2021, vijana wa LUCHA waliandamana kwa amani mjini Beni kupinga kurefushwa kwa hali hiyo. Walikamatwa, na mwezi wa Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu 12 kati yao kifungo cha miezi 12. Hawakubeba silaha.

Najua jibu linalotolewa: wakati wa vita, nchi haiwezi kuanika siri zake. Ni kweli. Hakuna mwenye busara anayedai kujua kikosi kimelala wapi usiku huu. Lakini kuuliza fedha zilitumikaje, au ni kijiji gani kimepata usalama, hakumsaidii adui. Anayenufaika na ukimya huo ni mwizi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tumeumbuliwa Goma.

Tena, kusema si kazi bure. Mwezi wa Agosti 2023 hali hiyo ilijadiliwa katika mkutano mkubwa Kinshasa, na mwezi wa Oktoba Raisi akatangaza kuilegeza hatua kwa hatua. Jambo hilo lilikuja baada ya watu wengi kusema bila kuchoka, na wengine kufungwa.

Basi, vijana, nawaomba mambo matatu. Katika mkutano wenu ujao, someni pamoja vifungu vya 61, 85 na 144 vya Katiba. Mtaona kwamba hata katika dharura, haki ya kujitetea na uhuru wa dhamiri havifutwi. Msimchukie askari wa kawaida, kwa maana mara nyingi naye ameibiwa. Na mnapouliza, ulizeni kwa tarehe na hesabu, si kwa uvumi wa simu. Mbunge anayekuja kuomba kura kwenu aelezwe swali hili: aliinua mkono mara ngapi kurefusha hali hiyo, na kila mara alidai hesabu gani kwanza?